Mnaoanza kupiga laini za godauni, rangi ndo inakuja mwisho

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya kuchora laini za usalama sakafuni, wengi mnakuja na haraka ya kushika rola, tulieni kwanza. Siku ya kwanza usifungue hata kopo. Simama pembeni uangalie foklifti inakata kona wapi ikiwa na mzigo, maana paleti mara nyingi inatokeza kuliko gari lenyewe, halafu kaa na madereva wakwambie ukweli, ramani ya ofisini inaweza kuonyesha njia ambayo hamna mtu anapita. Na watembea kwa miguu wakiwa na njia yao ya mkato, wewe ukawachorea nyingine ya kuzunguka, watakata tu, laini yako inabaki pambo.

Upana wa laini wengi wanacheza kati ya milimita 50 na 150, mi kwa njia ya foklifti napenda 100.

Sasa sakafu, hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo bosi atataka ubane muda. Dondosha maji kidogo kwenye zege. Yakinywewa sawa, yakijikusanya juu kama shanga ujue kuna mafuta au sila (dawa ya kuziba zege) ya zamani, rangi haishiki hapo hata iwe ya bei gani. Mafuta yanatoka na sabuni ya kukata mafuta ndo grainda ifuate, ukianza na grainda unayasambaza tu. Unyevu nao: bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote na tepu, acha mpaka kesho yake, ukikuta jasho kwa chini au zege limekolea rangi, bado kuna maji. Zege jipya lipe siku 28.

Epoksi, ile rangi ya sehemu mbili, changanya kidogo kidogo. Ukishatia hadina, ile sehemu ya kugandisha, muda unakimbia, na ikikaa nyingi kwenye ndoo inajipasha yenyewe, ukishika ndoo ukasikia joto hiyo imeshaanza kuganda, usijidanganye na thina. Masking tepu itoe rangi ikiwa bado mbichi, la sivyo inang'oka na vipande. Kesho yake mtu anaweza kukanyaga ila foklifti isubiri, soma kopo, nyingi zinakomaa kabisa baada ya kama wiki.

Tepu ya sakafuni inafaa pale ambapo kazi haiwezi kusimama, ila kwenye kona magurudumu yanapojisokota, au paleti zinapoburutwa, inachanika fasta. Na usiivute wakati wa kubandika, itajirudi ncha zinyanyuke.

Rangi chache zinatosha: njano njia, nyekundu vifaa vya moto, kijani huduma ya kwanza, njano na nyeusi hatari. Zikifika nane nani atakumbuka?

Laini za zamani usizifunike na kijivu, saga zitoke. Kijivu kikichakaa ile ya chini inachungulia, dereva anajikuta na njia mbili.