Jibu: Google wakifunga huduma, mteja anaumia kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama mteja anaumia kweli Google wakifunga huduma iliyokuwa bure. Anaumia sana. Stadia, huduma yao ya kucheza michezo ya video mtandaoni, walipoizima Januari 2023 walirudisha pesa za michezo na vifaa vilivyonunuliwa kwao. Hapo sina ugomvi nao. Lakini Google Reader, ya kusomea habari mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, ilikuwa bure, ikafungwa Julai 2013, na hapo hakuna risiti ya kurudishiwa. Kilichopotea ni mazoea ya miaka, na hayo hayana bei.

Mimi nauza pembejeo hapa Masasi. Mikopo ya salfa, dawa ya mikorosho, nilikuwa naiandika kwenye programu ya simu, ya kampuni nyingine kabisa. Wakaizima katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho. Faili waliyonipa ilikuwa na majina matupu, kiasi hakuna. Akaja bibi mmoja kulipa, ikabidi nimuulize yeye mwenyewe anadaiwa mifuko mingapi. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema minne. Nilipokea, lakini niliona aibu mno mbele yake.

Kwa hiyo kufunga wafunge, ila watuachie kumbukumbu zetu zikiwa kamili. Sasa hivi naandika kwenye kaunta buku.