Kabla hujauza roboti wako, jua pasipoti ya mteja inalala wapi

Kijana mmoja wa Dodoma aliniandikia juzi. Ametengeneza roboti wa WhatsApp anayejibu wateja wa maduka ya vipodozi, kazi imeanza kumwingizia hela, na sasa mwenye duka la dawa anaitaka huduma hiyo hiyo. Swali lake: "Kaka, hizi sheria za AI zinatugusa na sisi wadogo, au ni mambo ya benki na kampuni za simu?"

Zinakugusa, mdogo wangu. Zilianza kukugusa siku namba ya mteja wa kwanza ilipoingia kwenye mfumo wako. Na hilo la duka la dawa ni zito zaidi, kwa sababu mtu anayeulizia bei ya dawa ya kisukari ameshakwambia ugonjwa wake, na taarifa za afya sheria inazihesabu kuwa nyeti. Kabla hujapokea hela ya yule mwenye duka, wekeni kwenye maandishi nani ni mkusanyaji wa taarifa (anayeamua zikusanywe za nini) na nani mchakataji (anayezifanyia kazi kwa niaba yake), wateja waombwe ridhaa, na meseji zao zisikae kwenye simu yako. Jibu hilo nimeshamtumia. Lakini maswali ya namna hii yamekuwa mengi kwenye simu yangu, na najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi nilipoanza: kukaa hapa hapa nyumbani, kuuza mifumo, na kulipwa na watu wa nje. Kwa hiyo leo nasimulia kwa kirefu.

Wanaojipa moyo husema Bunge letu halijapitisha sheria ya akili unde, yaani AI. Ni kweli, yenye jina hilo haipo. Ila tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tuna Tume yake, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, awe na afisa wa ulinzi wa taarifa, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Sasa jiulize roboti wako anatumia seva ya nani. Wengi wetu tunalipia huduma za akili unde za Marekani au Ulaya, kwa hiyo kila swali la mteja wa Kariakoo linavuka bahari kabla halijajibiwa. Halafu kuna kifungu cha 36, ambacho watengeneza mifumo wenzangu hawakitaji kabisa: mtu ana haki ya kudai uamuzi unaomgusa usifanywe na mashine peke yake. Hicho ni kifungu cha akili unde, hata kama neno lenyewe halimo. Na kampuni inayofichua taarifa za watu isivyo halali, faini yake inaanzia shilingi milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5.

Kampuni yangu iko Arusha. Tunawatengenezea mifumo watu wa safari: kupokea maombi ya wageni, kupanga magari, kujibu maswali usiku wakati ofisi imefungwa. Nilianza na mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, tukakodi chumba kimoja Sakina, intaneti ya simu, meza mbili. Miaka ile ya mwanzo siisimulii, kila mliyejiajiri mnaijua.

Roboti wa kwanza tulipomkamilisha, mwenzangu alitaka tumuuze wiki hiyo hiyo. Mimi nikasema tusimuuze kabla hatujajua taarifa za mgeni zinapita wapi. Nilikwenda kwenye ofisi ya mteja wetu, kampuni ya safari ya watu wachache, nikakaa na dada wa bukingi, nikafungua kaunta buku, tukachukua kitu kimoja tu na kukifuata: picha ya pasipoti ya mgeni mmoja.

Picha ilikuja kwa barua pepe kutoka kwa wakala wa Ujerumani. Dada akaipakua kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye folda ambayo kila anayewasha ile kompyuta anaiona. Kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, maana dereva anahitaji majina, uraia na umri kwa ajili ya viingilio vya hifadhi. Kutoka kwenye kundi ikaenda kwa loji ya Karatu, waliosema wanataka nakala. Ikaenda kwa watu wa ndege ya kwenda Zanzibar. Na kwa mpango wetu wa awali, ile barua pepe yote, pamoja na mistari ambayo mgeni ameeleza kuwa ana presha na hawezi kula karanga, ingesomwa na roboti, maana yake ingepelekwa kwenye seva ya nje.

Nikamuuliza dada, kwenye lile kundi wamo nani? Akaanza kusoma majina. Kati yao alikuwamo dereva aliyekwisha kuacha kazi na kuhamia kampuni nyingine. Simu yake ilikuwa bado inapokea pasipoti za wageni wa kampuni ambayo si yake tena. Ukifungua picha kwenye simu ya namna hiyo unakuta pasipoti ya Mjerumani, halafu mtoto wa dereva amevaa sare za shule, halafu pasipoti nyingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Dereva mwenyewe wala hajui kuwa amebeba kitu cha mtu.

Kurasa zile za kaunta buku ndizo zilizobadilisha mfumo wetu. Tulimpangia roboti aone namba ya safari, tarehe na swali la mgeni, basi. Pasipoti haimfikii. Mambo ya afya na chakula yanakwenda moja kwa moja kwa mpishi na kiongozi wa safari, ndani ya mfumo, na safari ikiisha yanafutika. Dereva anafungua orodha yake kwenye simu kwa muda wa safari tu. Na ujumbe wa kwanza wa roboti kwa kila mgeni unasema: "Mimi ni mfumo wa kompyuta. Ukitaka kuongea na mtu, andika MTU." Tukajisajili kwenye Tume kama wachakataji, na mteja wetu tukamsaidia kujisajili kama mkusanyaji.

Mwenzangu hakupendezwa. "Unatuletea usheria kwenye biashara," aliniambia. "Mteja anaangalia bei." Alikuwa na hoja, maana mtu mwingine mjini alikuwa ameshaanza kuuza roboti wa bei ya chini, anayesoma kila kitu na kutuma kila kitu. Tulivutana mpaka ikashindikana. Akaondoka, akachukua wateja wawili wazuri ambao mimi ndiye niliyewatafuta kwa miguu, akawauzia mfumo wa haraka. Jina akanipa: Mzee wa Tume. Nililisikia kwa mara ya kwanza harusini, mbele ya watu ninaowaheshimu, na wote wakacheka. Sitaficha, jambo lile linaniuma hadi leo. Mtu uliyegawana naye chapati moja asubuhi anakufanya kichekesho kwa sababu umekataa kutuma pasipoti za watu ovyo.

Mwaka huu yule wakala wa Ujerumani aliandikia kampuni zote za Arusha anazofanya nazo kazi. Alitaka majibu ya maandishi: mnatumia akili unde wapi, taarifa za wateja wangu zinahifadhiwa nchi gani, nani anaziona, zinafutwa lini, mgeni anaambiwa vipi kuwa anaongea na mashine. Ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye magrupu ya watu wa utalii ilikuwa kelele tupu: Wazungu wamezidi, wanatutafutia sababu.

Hawakuwa wanatafuta sababu. Umoja wa Ulaya una sheria ya taarifa binafsi inayotumika tangu 25 Mei 2018, na sheria hiyo inamfuata hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya anayewauzia huduma watu walio kule. Juu yake wameongeza Sheria ya Akili Unde, iliyoanza kuwa sheria tarehe 1 Agosti 2024. Matumizi yaliyopigwa marufuku kabisa yalianza kuzuiwa 2 Februari 2025, na anayeyakiuka anaweza kutozwa hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo yake ya dunia nzima. Sharti la kumwambia mtu kwamba anaongea na mashine lilipangiwa tarehe ya kuanza, 2 Agosti 2026. Nayo pia haishii mpakani, kwani inagusa hata aliye nje ikiwa matokeo ya mfumo wake yanatumika ndani ya Umoja huo. Yule wakala alikuwa anajilinda, na mtu anayejilinda humwacha njiani asiyeweza kujibu.

Sisi tulijibu jioni ile ile. Majibu yalikuwamo tayari kwenye kaunta buku, tuliyachapa tu. Mteja wetu alibaki na wageni wake, na wakala akatuunganisha na kampuni nyingine anazofanya nazo kazi upande wa Moshi. Mkataba wa Moshi ndio mkubwa kuliko yote niliyowahi kusaini. Najivunia, na sioni sababu ya kujivunia kimya kimya. Wale wateja wawili walioondoka na mwenzangu, mmoja amerudi. Nilimpokea kwa bei ile ile ya wengine.

Sasa niseme nanyi kama ndugu.

Andika. Kabla ya kununua huduma yoyote ya akili unde, kabla ya kupiga picha ya tangazo, chukua taarifa moja ya mteja na uifuate kwa mguu kutoka inapoingia hadi inapofutwa, na uandike kila mkono ulioigusa. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, kaa na anayefanya kazi, mwombe akufungulie simu yake. Mwenye kampuni atakwambia mambo yako sawa, dada wa mapokezi atakuonyesha yalivyo. Ukimaliza, andika tena pale mambo yanapobadilika. Mfanyakazi akiondoka, andika. Ukibadilisha huduma, andika.

Wanaofanya biashara Kenya msifikiri Namanga ni ukuta. Wenzetu wana Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ofisi ya Kamishna, chini ya Immaculate Kassait, imekwisha kuonyesha meno. Septemba 2023 ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kubandika picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, ukumbi wa starehe ukatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja mtandaoni, na kampuni ya mikopo ya simu 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Tazama orodha hiyo: shule, baa, mkopeshaji. Na mwaka huo huo serikali ilisimamisha Worldcoin iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho ya watu Nairobi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Kwetu mmeona yaliyowakuta wakopeshaji wa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Watu walikuwa wanapigiwa simu wakwe zao na mabosi wao kwa deni la shilingi elfu hamsini, kwa sababu programu ilinyonya majina yote kwenye simu siku ya kwanza. Programu hizo zilitengenezwa na vijana wenye ujuzi kama wako. Kuna aliyekaa akaandika ule mstari wa kuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, akalipwa, akaenda kula. Kama unatengeneza mfumo unaoamua nani apewe mkopo, nani aitwe kwenye usaili, nani aongezewe bei, weka binadamu mwenye uwezo wa kuubadilisha uamuzi, na namba yake ionekane. Mama aliyenyimwa mkopo wa mtaji wa genge ana haki ya kuuliza kwa nini, na "mfumo umekataa" si jibu la kumpa mtu mzima.

Na someni masharti ya huduma mnazolipia. Huduma nyingi za akili unde zina mpango wa bure na mpango wa biashara, na mara nyingi tofauti kubwa iko kwenye swali moja: je, wanaruhusiwa kutumia maneno ya wateja wako kufundishia mashine yao? Kama hujui jibu, wateja wako hawajakupa ruhusa hiyo. Sisi tulihamia mpango wa kulipia kabla ya kuwa na faida yoyote, na mwenzangu aliiona kuwa hela iliyotupwa.

Mtaniuliza gharama nailipaje. Naiweka kwenye ankara, mstari wake peke yake: ulinzi wa taarifa, na bei pembeni. Siifichi ndani ya bei ya mfumo, kwa sababu ikifichwa mteja ataomba punguzo, na wewe utakata kile kisichoonekana. Akiuliza ni ya nini, namfungulia daftari, namwonyesha njia ya pasipoti ofisini kwake mwenyewe. Watu wa safari wanalipia leseni ya biashara ya utalii (TALA), wanalipia bima ya magari, hili nalo wanalielewa wakiliona kwa macho. Anayetaka nimwondolee mstari huo namwambia hapana, na simpigii tena mpaka apige yeye.