Papa Kocha Anajibu: «Mtoto wangu anataka kuacha chuo akacheze kwa malipo»

Jambo Papa Kocha. Mimi ni baba wa watoto watano, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu wa pili yuko Marekani, mwaka wa 2 wa chuo, kwa bursa ya baskete. Ana miaka 20 na urefu wa mita 2 na sentimita 6. Mwezi uliopita alipiga simu akasema kuna mtu anayemwambia aache masomo aandikishe jina kwenye drafti ya NBA, pale ekipe za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, na ikishindikana atamtafutia ekipe Ulaya. Mama yake hataki hata kusikia. Anasema tulimtuma kusoma. Kaka zangu wanasema bahati haibishi hodi mara mbili. Mimi niko katikati, usingizi hauji. Nimwambie nini?
Baba wa Katuba

Jambo sana, Baba. Umeniandikia urefu wa mtoto mpaka sentimita ya mwisho, lakini hukuniandikia anacheza dakika ngapi kwa mchezo. Wazazi wa Lubumbashi karibu wote wananifanyia hivyo. Urefu ulishamaliza kazi yake siku ulipompandisha ndege. Sasa wanaomtazama wanahesabu dakika. Kama anakaa benchi na bado kuna mtu anamwimbia NBA, huyo mtu ana hesabu zake.

Kuandikisha jina na kuacha masomo ni mambo mawili, na huyo mtu anayafunga mzigo mmoja. Kwa kuwa mwanao anasoma huko, sheria inamhesabu sawa na Wamarekani: awe anatimiza angalau miaka 19 katika mwaka wa drafti, na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Anapeleka jina siku 60 kabla ya drafti. Anaiomba kamati ya NBA inayoshauri wanafunzi imwambie wanamweka wapi. Ekipe zikimtaka zinamwita mazoezini. Akiona upepo si wake, anaondoa jina na kurudi darasani. Mwaka 2025 mwisho wa kupeleka jina ulikuwa 26 Aprili, mwisho wa kuliondoa kwa anayetaka kuendelea kuchezea chuo ulikuwa 28 Mei, na drafti ikafanyika 25 na 26 Juni. Kijana ana mwezi mzima wa kujipima na kiti chake chuoni bado kipo. Mwulize kama huyo mtu alimtajia tarehe za namna hiyo.

Najua kaka zako watamtaja Bismack Biyombo. Hapa kwetu jina hilo linafunga mjadala kwenye kila meza ya bia. Ni kweli, mtoto wa Lubumbashi, na chuo hakukikanyaga. Alitoka hapa akiwa na miaka 16 kwenda Yemen, akaingia Hispania, na Aprili 2011 huko Portland, vijana wa dunia wakicheza na vijana wa Marekani, akatia pointi 12, akaokota ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu, na kuzuia mipira 10. Miezi 2 baadaye alichaguliwa wa 7 kwenye drafti. Lakini alikuwa tayari anagongana na wanaume wenye ndevu katika ligi ya Hispania. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa aliacha nafasi yake katika chuo cha Texas akaenda Uchina mwaka 2014. Alichaguliwa wa 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alipitia ekipe ya vijana ya G League, ligi ndogo ya NBA, badala ya chuo, akachaguliwa wa 7 mwaka 2021, na mwaka uliofuata akabeba ubingwa wa NBA na ekipe ya Golden State. Wakongo watatu, na wote nafasi ya 7! Marehemu bibi yangu angesema kuna dawa hapo. Mimi naona jambo dogo zaidi: kila mmoja wao aliporuka, alikuwa na ekipe inayomlipa mshahara tayari. Ile ekipe aliyopitia Kuminga ilifungwa mwaka 2024.

Sasa mtaje na yule ambaye mezani hawamtaji. Oscar Tshiebwe naye ni wa hapa hapa, na alipokuwa chuoni walimwandika mita 2.06, sawasawa na mwanao. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, pale Kentucky, kwa wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Tulisema, basi, anaondoka. Akabaki mwaka mwingine. Drafti ya 2023 ikataja majina 58, lake halikuwemo, akaingia ekipe ya Indiana kwa mkataba wa njia mbili, mguu mmoja NBA na mwingine G League. Watu wanasema alikosea kubaki. Mimi nasema hapana: mita 2.06 chini ya kikapu, bila kutupa vizuri kutoka mbali, ingemfuata mwaka wowote ule. Ningetaka mwanao aone hilo kabla ya jambo lingine lolote. Kama bora wa vyuo vyote alipitwa, yeye ana silaha gani ambayo yule hakuwa nayo?

Sitaki kumwonea kijana, maana kuna jambo linalomwasha. Tangu Julai 2021 wanafunzi wa Marekani wanaruhusiwa kuuza jina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Ndiyo sababu Wamarekani wengi siku hizi hawana haraka ya kuondoka: kubaki kunalipa. Wetu wana viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inabana kazi. Tshiebwe mwenyewe, na umaarufu wote ule, ilibidi angoje Kentucky iende Bahamas, Agosti 2022, ndipo afanye matangazo yake nje ya ardhi ya Marekani. Mwanao analala chumba kimoja na mwenzake mwenye gari jipya. Akilalamika, mwache alalamike.

Viza hiyo ina meno mengine. Akiacha masomo kwa kibali cha chuo, ana siku 15 za kutoka nchini, isipokuwa awe na karatasi nyingine. Akitoroka tu, hana hata hizo 15. Usimruhusu aache kitu mpaka mkataba uwe umeandikwa jina lake na umepita kwa mtu wa sheria asiyelipwa na wakala.

Upande wa fedha, kinachodhaminiwa ni mikataba ya raundi ya kwanza ya drafti, wachezaji 30 hivi: miaka 2 ya mwanzo lazima walipwe. Raundi ya pili haina amri hiyo. G League katika msimu wa 2023-24 ililipa dola 40,500, kodi haijakatwa. Na wakala wa NBA, kwa kanuni ya chama cha wachezaji, hachukui zaidi ya asilimia 4, tena kutoka kwenye mshahara uliokwisha kulipwa. Anayeomba chochote kabla, hata kama ni «gharama ya karatasi» tu, mfungie simu.

Unaweza kufikiri nasema hivi kwa sababu mimi nilisoma. Sikumaliza. Nilikuwa chuoni, mwaka wa 2 wa graduat, wakati ekipe ya kampuni moja iliponiita. Walinipa kazi ya dipo, kazi ya jina tu. Kazi yenyewe ilikuwa ribaundi. Nilitia sahihi juu ya boneti ya pikapu, saa 12 jioni, bila kusoma ukurasa wa pili. Misimu minne nilikula vizuri, na parsele ninayokaa leo niliinunua kwa fedha hizo, kwa hiyo siwezi kusema nilipotea. Goti lilipokufa, nikaambiwa dipo halina nafasi. Ilikuwa kwenye ukurasa wa pili.

Mwisho, Baba, na usinikasirikie. Kabla hajapiga simu ile, nani wa kwenu alikuwa amempigia? Minervali ya shule ya wadogo, paa la shangazi, jenereta la mjomba? Nimeona vijana watatu wakiacha masomo, na wote watatu walikuwa na orodha ya mahitaji ya nyumbani kwenye simu. Mwambie mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba mwaka huu nyumbani hakuna anayemdai kitu. Halafu mwulize zile dakika.

*

Papa Kocha, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa sekondari, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Biyombo aliondoka akiwa na miaka 16, miaka yangu. Kwa nini mimi ningoje diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari?
Mrukaji

Kwa sababu mlango wa chuo cha Marekani unafunguliwa na buletini, ile karatasi ya alama za shule. Vyuo vya daraja la 1 vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, vinadai masomo 16 ya msingi ya sekondari, yenye alama zake, pamoja na cheti cha kumaliza. Nimemwona kijana wa mita 2.08 akibaki hapa Lubumbashi kwa sababu ya hesabu. Na yule mkubwa wetu kuliko wote, marehemu Dikembe Mutombo, alifika chuo cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimkuta humo humo chuoni. Alimaliza masomo ya lugha na diplomasia, akachaguliwa wa 4 mwaka 1991 akiwa na miaka 25, na akacheza misimu 18. Miaka 25! Wewe una 16 na unaniambia umechelewa.

Jumamosi ukija tereni, uje na buletini yako. Nitaisoma kwanza, ndipo nikutazame ukiruka.