NaHS ya kutumia wiki nzima? Usithubutu

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumatatu utayeyusha lita moja ya NaHS (sodiamu hidrosalfaidi, chumvi inayotoa gesi ya H2S) kwa ajili ya TFC yako, kazi yako ya kumalizia masomo, kuhusu kazi ya hidrojeni salfaidi (H2S) katika chembe hai, uiweke kwenye frigo ya labo hapo Bukavu, kisha umwagilie maharage yako yenye kiu mpaka Ijumaa. Baada ya sentensi hiyo sikusoma tena kwa utulivu. Swali la vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za chembe) na la mazuku (ile gesi ya kuua ya kule Goma) nimeyaona, tutayafikia.

Hiyo lita, ikifika Jumanne, usiiite tena dawa. NaHS ikiingia majini inatoa HS⁻, na sehemu ya HS⁻ inaokota protoni na kuwa H2S. Kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 7.4, kati ya robo na theluthi ya salfaidi yote iko katika umbo la H2S, na H2S ni gesi. Inatoroka. Ikitoroka, HS⁻ nyingine inageuka kujaza pengo, nayo inaondoka. Kwenye sahani iliyo wazi, nusu yake inaweza kupotea ndani ya dakika chache tu. Itakayobaki kwenye chupa italiwa na oksijeni, igeuke thiosalfati na salfati. Ile harufu ya mayai viza inayowafanya wenzako wakimbilie kibarazani ni matokeo yako yanayotokea dirishani.

Najua aliyekushauri ni mtu wa aina gani, maana na mimi nilikuwa na wangu: asistanti mwenye shati lililopigwa pasi, aliyetuambia, "Chumvi ni chumvi, haiozi." Yeye maisha yake yote alizoea NaCl! Chupa yenyewe ililetwa kutoka ng'ambo kwa pesa ya mama, ya vitenge alivyouza soko la Kadutu. Basi tukakoroga mara moja, tukamwagilia, tukapima mizizi kwa rula, tukachora grafu. Kundi la NaHS na kundi la maji hayakuachana hata kidogo. Tukaandika kwa Kifaransa safi kabisa kwamba H2S haina athari yoyote kwa maharage yaliyonyimwa maji.

Siku ya utetezi, mzee mmoja wa jopo akauliza swali moja tu: "Hilo suluhisho lilikuwa na umri gani?" Asistanti akaanza kukagua dari.

Kinachoniuma zaidi nilikisoma baadaye. Kuna watafiti wanaoiacha NaHS ichakae makusudi, kisha wanaitumia kama kilinganisho, yaani kundi la kulinganishia lisilo na tiba, ili waonyeshe kwamba athari inatoka kwenye H2S na si kwenye sodiamu au mabaki mengine. Kwa hiyo jaribio letu lilikuwa na vilinganisho viwili vizuri sana, na tiba hapana. Cheka tu, mimi nilishamaliza kucheka.

Sasa sikia. Pima unga mkavu kwenye vichupa vidogo mapema, uvifunge vizuri. Yeyusha kimoja pale unapotaka kutumia, tumia papo hapo, funika sahani, mwaga kinachobaki. Kesho fungua kingine. Weka bufa (kimiminika kinachozuia pH isiyumbe) kwanza ndipo utie NaHS, kwa sababu yenyewe inapandisha pH. Na usije ukarekebisha pH kwa kuidondoshea asidi! Asidi inaifukuza gesi yote kwa mkupuo, na ikifika kama ppm 100 (sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa) pua inakufa ganzi: husikii harufu tena, unadhani imeisha, kumbe ndiyo inakumaliza. Fanyia kazi penye hewa inayopita. Halafu chukua kidogo cha suluhisho la zamani ukiweke kama kundi la tatu, utanishukuru mbele ya jopo.

Usidhani nakubughudhi kwa vitu vidogo. Kwa gesi hii kipimo ndicho kinachoamua kila kitu. Kikiwa kidogo, mitokondria (vinu vya nishati vya chembe) inaichoma na kupata elektroni za kutengenezea nishati. Kikizidi, kinaziba saitokromu oksidesi, kimeng'enya ambacho mitokondria hutumia oksijeni kwacho, mahali palepale sainaidi inapoulia. Chembe hai zenyewe zinaitengeneza kidogo kidogo kutoka kwenye sisteini (asidi amino yenye salfa): kwetu wanyama vimeng'enya ni CBS, CSE na 3-MST (haya, swali la vimeng'enya nimelijibu). Mwaka 1996 Abe na Kimura walionyesha kwamba ubongo unaizalisha na huenda inarekebisha kazi za neva. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba panya walioondolewa CSE wanapata shinikizo la damu, kwa kuwa gesi hii husaidia mishipa kulegea. Mimea nayo ina vimeng'enya vyake vya kukata salfa kutoka kwenye sisteini, na H2S inahusishwa na kufungwa kwa stomata (vitundu vya majani vya kupitishia hewa) wakati wa ukame. Ndiyo maana wazo lako la maharage ni zuri. Ila kama hujui ni kiasi gani kiliyafikia, hutajua kama uliyalisha, uliyatia sumu, au uliyapa maji ya bomba.

Mazuku ya kule Goma ni kaboni dayoksaidi, si H2S, haina harufu ya mayai, iondoe kwenye utangulizi wako.

Chupa ikifika usiifungue kabla ya mizani kuwa tayari, maana inavuta unyevu wa hewa. Na ukiikuta imeshalowana ndani, mrudishie aliyekuuzia, hata akikuapia kwa kaburi la babu yake.