Binti yangu ana miaka 17 na hajavunja ungo

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na hajavunja ungo. Ni mfupi, wadogo zake wawili wameshampita. Bibi yake alimnunulia doti ya kanga ya kumfunga siku hiyo ikifika; iko sandukuni mwaka wa nne sasa. Juzi nikakuta kwenye begi lake la shule pakiti ya pedi, haijafunguliwa, imechakaa kingo. Kumbe huibeba ili wenzake wasimshtukie. Hospitali wamempima damu, majibu yameandikwa 45,X, wanasema ni Turner. Mume wangu hataki mtoto aambiwe. Mama mkwe anasema ni sindano za uzazi wa mpango nilizochoma kabla ya mimba yake. Silali. – Mama, Tanga*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hizo sindano. Hazihusiki hata kidogo. Wala si uchawi, wala si umri wako, wala si kitu ulichokula. Kila seli ya mwili hubeba kromosomu 46, yaani vifurushi vya maelekezo ya urithi, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba, na mwanamke kwa kawaida ana mbili za aina iitwayo X. Binti yako ana moja, ndiyo maana majibu yakaandikwa 45,X. Ya pili ilipotea yai au mbegu ikitengenezwa, au mimba ikiwa changa kabisa, na hakuna aliyeweza kuizuia. Tena kwa wengi wenye hali hii X inayokosekana ni ile ya upande wa baba. Simsemi mumeo, naye hana kosa. Nasema ili mama mkwe ashushe kidole.

Wala hayuko peke yake. Ni kama msichana mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Jina limetokana na daktari Mmarekani, Henry Turner, aliyeieleza hali hii mwaka 1938.

Sasa lililonishtua: katika barua nzima hukutaja moyo. Amepimwa moyo? Wasichana wenye Turner wengine huzaliwa na kasoro kwenye vali (vile vilango vya moyo) au kwenye mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kujua. Kabla ya kuwaza urefu au harusi, aende akapigwe eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Kama Tanga haipatikani, ombeni rufaa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Presha, figo, masikio na tezi ya shingo navyo vikaguliwe, halafu virudiwe kila daktari atakaposema, maana hili si jambo la kupimwa mara moja likaisha.

Kuhusu ungo: ovari zake (vifuko vya mayai) zilichoka mapema, hazitoi estrojeni, homoni ya kike inayoleta balehe. Basi atapewa. Daktari wa homoni huanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu kwa miaka miwili hivi. Matiti yataota, mifupa itapata nguvu, na baadaye akiongezewa projesteroni, homoni nyingine ya kike, ataona siku zake. Usimpe mitishamba ya kuvuta hedhi, tafadhali. Urefu ni habari nyingine. Ipo homoni ya kukuza, ni sindano ya kila siku na bei yake inauma, na kwa umri wake lazima picha ya eksirei ya mkono ioneshe kwanza kama mifupa bado haijafunga, yaani haijaacha kurefuka. Ulizeni hilo kabla hajaanza estrojeni, kwa sababu estrojeni ndiyo huifunga.

Mumeo ana huruma, lakini amekosea. Huyu mtoto anajua tayari. Asiyejua habebi pedi asizozihitaji mwaka mzima. Anachokosa ni jina la kitu chake, na bila jina atajiwekea majina mabaya zaidi. Mkae naye jioni moja, wewe na baba yake, bila wadogo zake kupita pita. Mwambie akili yake ni nzima (kama ramani na jometri zinampiga chenga, hali hii huchangia kwa baadhi yao). Mwambie ataweza kuolewa akitaka. Kuhusu kuzaa, usimdanganye: kwa wengi wao mimba haiji yenyewe. Wapo wanaobeba kwa yai la kupewa, ila moyo ukaguliwe kwanza, maana mimba inaweza kuuelemea ule mshipa mkubwa. Atalia. Mwache alie, usikimbilie kumnyamazisha kwa soda.

Na akija mchumba siku moja, mwenye kusema ni yeye binti, si ninyi. Mkimficha mume, mtakuwa mmemwachia mzigo wa kuubeba peke yake.

Bibi naye asubiri mpaka mjukuu mwenyewe aseme yuko tayari bibi huyo aambiwe. Doti yake haiozi.