Beli au kuchagua Kibuye?

Dada, umeuliza kama uagize beli, yaani furushi la mitumba, kutoka soko la Gikomba, Nairobi, au uchague nguo moja moja soko la Kibuye, Kisumu, ukauze Ahero. Kwa mtaji wa elfu tano, achana na beli. Ile ya kilo 45 hulipiwa ikiwa imefungwa, na ukikuta nusu ni matambara, hasara ni yako peke yako.

Nenda Kibuye Jumapili alfajiri, beli zikifunguliwa. Kamera, yaani zile nguo bora za kwanza, ni ghali, lakini ndiyo humfanya mteja arudi. Jioni bei hushuka, ila unachopata ni fagia tu, yaani mabaki waliyoacha wengine, na fagia hailipi nauli. Inua kila nguo kwenye mwanga: kola, makwapa, zipu, na suruali katikati ya miguu. Muuzaji akikuharakisha, iache.

Tuseme shati ni 80. Ongeza nauli, sabuni, makaa ya pasi na ada ya soko, kisha ndipo upange bei. Wengi husahau hayo halafu wanashangaa faida imeenda wapi. Majaketi mazito waachie watu wa Timboroa kwenye baridi. Kwa joto letu utayakunja mpaka yachakae. Mashati meupe ya shule nunua mapema, kabla ya Januari.