Maswali ya Wasomaji: Yoana wa Arc katika kitabu cha picha

SWALI: Tunaandaa kitabu cha picha cha maisha ya Mtakatifu Yoana wa Arc, msichana Mfaransa aliyeongoza askari dhidi ya Waingereza, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani kwetu. Mchoraji ameanza kwa kumchora akichunga kondoo, kisha vitani ana nywele ndefu, sketi chini ya deraya (vazi la chuma la vitani) na upanga juu. Je, ni sahihi? (Katekista, Moshi)

JIBU: Mrudishie michoro kabla hajatia rangi. Mchoro mdogo wa Mei 1429 tulio nao ni wa karani wa Paris ambaye hakuwahi kumwona Yoana. Hata yeye alimvika gauni na kumwachia nywele ndefu. Tegemeeni kumbukumbu za kesi yake ya Rouen ya 1431, ambako majibu yake yaliandikwa, pamoja na ushahidi wa waliomfahamu, uliokusanywa kabla ya hukumu iliyomuua kutenguliwa mwaka 1456.

Humo nywele zake zimekatwa mviringo, juu ya masikio, kama za vijana wa kiume. Deraya aliyotengenezewa Tours ilikuwa ya mabamba ya chuma, basi sketi iondoke. Kuhusu kondoo, alieleza mahakamani kwamba alipokua hakuwa mchungaji wa kila siku. Alichojivunia ni kushona na kusokota; alisema hamwogopi mwanamke yeyote wa Rouen kwa kazi hizo. Mchoreni kijijini kwao Domrémy, ameshika pia ya kusokotea uzi, karibu na mama yake Isabelle.

Upanga alikuwa nao, lakini vitani alipenda kubeba bendera ili asimuue mtu, na alisema aliipenda mara arobaini kuliko upanga. Hili watoto wasikose kuliona. Bendera ilikuwa nyeupe, imetapakaa maua ya yungiyungi, ina picha ya ulimwengu na malaika wawili pembeni, maneno “Jhesus Maria”, na matamvua ya hariri. Tatizo ni kwamba bendera nyeupe kwenye karatasi nyeupe hupotea. Wekeni nyuma yake anga la buluu iliyofifia au moshi wa Orléans, mji alikopigana, na maneno yaandikwe makubwa yasomeke hata kitabu kikishikwa mbele ya darasa. Uso wake usiangukie kwenye mshono wa katikati, maana kitabu kikifungwa humezwa.

SWALI: Kifo chake tukionyesheje? Wengine wanataka tuishie kwenye kutawazwa kwa mfalme. (Mama wa watoto watatu, Kisumu)

JIBU: Msiishie Reims. Mfalme Charles VII wa Ufaransa alitawazwa huko tarehe 17 Julai 1429. Mkikomea hapo, mtoto hatajua kwa nini msichana huyu anaitwa mtakatifu.

Semeni wazi: alikamatwa Compiègne mwaka 1430, akauzwa kwa Waingereza, akahukumiwa na mahakama ya kanisa chini ya Askofu Pierre Cauchon aliyekuwa upande wao, akachomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, akiwa na miaka kama 19. Msimfiche askofu. Mtoto akija kulisoma kwingine ataona mlimdanganya.

Kwenye picha, mwili usionekane ndani ya moto. Mashahidi wametupa kitu bora zaidi: Yoana aliomba msalaba, askari mmoja Mwingereza akamtengenezea mdogo wa vijiti, naye akauweka kifuani, kisha msalaba wa kanisa la jirani ukaletwa na kuinuliwa mbele ya macho yake. Chora mikono, msalaba ulioinuliwa, na moshi ukianza tu. Askari yule awe na uso wa mtu, maana Waingereza wakichorwa kama mazimwi tangu Orléans, hapa mtoto hataelewa.

SWALI: Kurasa ngapi, na maneno mangapi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Bukoba)

JIBU: Kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa kurasa nane au 16. Toa nne za jina la kitabu na maelezo ya uchapishaji, zibaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana: Domrémy 2, safari hadi Chinon kumwona Charles 2, deraya na bendera 1, Orléans 3, Reims 1, kukamatwa 1, kesi 2, kifo 1, na ya mwisho 1 kwa hukumu ya 1456 iliyotengua ile ya kwanza na kutangazwa mtakatifu mwaka 1920. Vita ndivyo hula kurasa za kesi, kwa hiyo zigaweni kabla ya kuchora. Kwa watoto wa miaka saba hadi tisa, maneno 60 hadi 80 kwa kila jozi yanatosha.